Kipimo cha Hewa cha Tangi la Pili

Jumapili, 1 Juni

Marufuku ya jua imeanza. Kuanzia leo hadi katikati ya Septemba hakuna ruhusa ya kufanya kazi nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Serikali imeona kwamba binadamu huungua. Mimi nililiona hilo mwaka wangu wa kwanza Doha, miaka sita iliyopita, lakini nani anamuuliza Nassoro wa Muheza.

Daftari hili nimelinunua dukani Al Wukair baada ya kikao cha leo, kwa sababu nina hasira na sina wa kumtolea. Mudiri, ndivyo tunavyomwita meneja wa mtambo, alituita mimi na Faraji ofisini kwake. Mtambo wetu unasafisha majitaka ya kambi ya wafanyakazi elfu nne. Waendeshaji tuko wawili: mimi zamu ya asubuhi, Faraji zamu ya mchana. Pembeni ya Mudiri alikaa binti wa Kikenya mwenye miwani, mhandisi, jina lake Cherotich. Huyo ameletwa ili mtambo ujiendeshe wenyewe.

Ndani ya matangi kuna wadudu wasioonekana kwa macho, ndio wanaokula uchafu. Wadudu wanahitaji hewa, na hewa inapulizwa na mashine mbili zilizo nje juani, tunaziita blowa. Miaka yote sita mimi na Faraji tumekuwa tukiongeza na kupunguza hewa kwa kutazama rangi ya tope, kukadiria povu, na kunusa. Sasa kipimo kilichozamishwa kwenye tangi la pili kitapima hewa, kompyuta ya Cherotich itakisoma, na blowa zitaitii kompyuta.

Majaribio ni hadi tarehe kumi na tano Septemba. Umeme ukishuka na maji yakitoka safi, atabaki mwendeshaji mmoja. Wa pili atapewa tiketi ya kurudi kwao. Mudiri alilisema hilo huku anakoroga chai.

Faraji, ambaye ana watoto wanne Bagamoyo na hucheka hata akiwa na homa, aliniinamia akasema, "Kaka, kompyuta haina pua. Tulia."

Sijatulia.

Jumanne, 3 Juni

Nyuzi arobaini na nne. Binti ananiita "Mzee". Nina miaka arobaini na mitatu.

Ijumaa, 6 Juni

Idi ya kuchinja. Nilianza zamu saa kumi na moja alfajiri na sala ya Idi nimeisikia kwa mbali. Kambini wamekula kondoo, Mungu awazidishie, na mafuta yote yamenijia mimi. Kufikia saa mbili tangi la kwanza lilikuwa limefunga utando mweupe kama uji uliopoa. Niliukwangua hadi saa nne, marufuku ikaniingiza ndani. Cherotich hakuwepo, Ijumaa huenda kanisani Mesaimeer. Kompyuta yake imeandika kwamba hali ni nzuri. Idi njema na kwako, kompyuta.

Jumatano, 11 Juni

Nieleze habari za kipimo, maana ndicho mshindani wangu.

Ni kifimbo cha urefu wa mkono, kinaning'inia kwa mnyororo ndani ya tangi. Kikiwa safi kinasema kweli. Lakini kiangazi maji yetu yana joto la kuogea, na baada ya siku moja au mbili kifimbo kinavaa ute. Ute wenyewe ni wadudu. Unanyonya hewa yote iliyo jirani, na kipimo kinalia kwamba tangi zima linakosa pumzi. Ni mtu aliyejiziba pua kwa mkono wake halafu anaomba madirisha yafunguliwe.

Kwa hiyo kila siku, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla bosi yeyote hajafika, nakivuta juu, nakifuta kwa kitambaa chenye maji, nakirudisha. Dakika moja. Sijaanza leo. Hata kile cha zamani, kilichokuwa cha kutazamwa tu, nilikuwa nakifuta. Ratiba iliyobandikwa ukutani inasema kisafishwe mara moja kwa wiki, Jumapili, na bila shaka iliandikwa na mtu wa nchi ya baridi. Kwenye kitabu cha zamu siandiki chochote, kwa sababu kugusa chombo nje ya ratiba kunataka kibali chenye sahihi tatu, na mwenye sahihi ya tatu huamka saa mbili. Faraji mwenyewe hajui. Anaingia mchana, na mimi si mtu wa kujisifu kwamba nimefuta kitu.

Kwa nini namsafishia kipimo mtu atakayeninyang'anya kazi? Sijui. Mkono umezoea.

Alhamisi, 19 Juni

Vumbi siku ya pili. Macho mekundu, meno yana mchanga. Kutoka ofisi ya Cherotich hadi matangini kuna ngazi thelathini na mbili. Tangu aje amezishuka mara mbili, na mara moja ilikuwa kupiga picha.

Alhamisi, 26 Juni

Cherotich kanisimamisha koridoni. "Mzee, data ya tangi lako iko na kelele kila asubuhi. Lakini usijali, nimeziondoa."

Kelele ni jina lao la namba zinazorukaruka bila sababu. Nikamwambia hongera. Sikumuuliza ni kelele gani, na yeye hakuniuliza mimi. Mtu akiniambia nisijali, sijali.

Jumapili, 6 Julai

Nyuzi arobaini na sita. Nimefuta kipimo, nimekula mkate, nimelala.

Alhamisi, 17 Julai

Kikao. Ukutani waliwasha picha ya mistari, na mstari wa umeme ulikuwa unateremka vizuri kabisa. Umeme umepungua kwa karibu moja ya tano. Mudiri alipiga makofi, na alikuwa ameagiza kunafa, kile kitamu cha jibini na shira, sahani kubwa. Akamuuliza Cherotich kama kipimo kinaleta taabu.

"Hakuna taabu yoyote," akasema. "Iko sawa tangu siku ya kwanza. Haihitaji mtu."

Haihitaji mtu. Nilikuwa nimekaa nyuma, vidole vyangu bado vinanuka tangi la pili kwa sababu saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa huko na kitambaa. Kunafa sikuigusa. Mudiri alisema kwa mwendo huu uamuzi huenda ukawahi kabla ya Septemba, akatutazama mimi na Faraji kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama anachagua nyanya.

Usiku tulipokuwa tunakula, Faraji hakucheka. Binti yake wa kwanza anaingia kidato cha kwanza Januari. Alimega ugali, akasema, "Wakichagua, kaka, tusije tukalaumiana." Nilimjibu kwamba hakuna atakayechaguliwa.

Jumapili, 20 Julai

Leo ni siku ya ratiba. Nimejaza fomu, nimepata sahihi tatu, nimekifuta. Kesho sikifuti, wala keshokutwa. Nitakifuta Jumapili ijayo kama ukuta unavyosema. Hakihitaji mtu, amesema mwenyewe mbele ya kadamnasi.

Sivunji kitu. Nafuata sheria, basi. Kompyuta ikiaibika, Mudiri atazikumbuka pua zetu, na sote wawili tutabaki. Faraji sijamwambia. Ana mdomo mwepesi, na Cherotich akipita mbele yake atashindwa kujizuia atacheka.

Jumatano, 23 Julai

Tangu saa tatu asubuhi blowa zote mbili zinavuma kwa nguvu. Zamani moja ilifanya kazi na nyingine ikapumzika. Chai ya leo imeniingia vizuri.

Jumapili, 27 Julai

Nimekivuta kwa ratiba. Kimevaa ute wa unene wa kidole, umejisokota na nyuzi za matambara ambayo watu wa kambi hutupa chooni. Nilipokifuta, saa moja haikupita blowa moja ikatulia. Nikaona kwa macho yangu jinsi dakika yangu moja ilivyo na thamani. Nilitamani kuwe na mtu wa kumwonyesha.

Jumanne, 29 Julai

Blowa mbili tena.

Cherotich kanifuata nikiwa natoka. "Mzee, kuna kitu imebadilika huko chini?"

"Hakuna. Tunafuata ratiba."

Alhamisi, 31 Julai

Nyuzi arobaini na saba na unyevu, shati linakaa mgongoni kama gundi. Umeme umepanda kupita hata wa mwezi Mei, Faraji kaniambia, anasikitika. Anamsikitikia Cherotich. Anasema binti halali, anaandikiana na waliotengeneza kipimo, wamemwambia abadilishe namba fulani, amebadilisha, haikusaidia. "Mwenzetu naye yuko ugenini," akasema. Nikamwambia mshahara wake ungetulisha sote na majirani.

Cherotich kaniuliza mara ya pili. Safari hii kwa sauti ya chini. "Una uhakika hakuna kitu? Hata kitu kidogo?"

Nikamwambia nina uhakika.

Jumanne, 5 Agosti

Ameshuka. Saa tatu na nusu asubuhi, amevaa kofia ya plastiki na viatu vizito visivyomwenea, akaenda moja kwa moja kwenye blowa. Akaweka kiganja kwenye bati la blowa ya kwanza, akakitoa haraka, akakipuliza. Alikaa pale anaisikiliza, kichwa kimeinama upande. Sikujua kwamba anajua kusikiliza mashine.

"Inakwaruza," akasema. "Karibu wiki mbili inapumzika Jumapili pekee, kwa hii joto. Mzee, nakuuliza mara ya mwisho. Nini imebadilika?"

Alikuwa na madoa ya jasho hadi kiunoni na uso wa mtu ambaye hajalala. Nilipaswa kusema hapo. Neno lilikuwa mdomoni, ni neno fupi.

"Ni joto, dada," nikasema. "Kila Agosti iko hivi."

Akashukuru. Akapanda ngazi zake.

Jumatano, 6 Agosti

Hii nimeianza mara tatu.

Zamu yangu iliisha saa saba mchana. Nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, navaa viatu, nasubiri basi. Faraji ndiyo kwanza anavaa ovaroli, ananihadithia ndoto. Saa saba na dakika ishirini sauti ya blowa ya kwanza ikageuka kuwa ya kusaga, kikalia chuma mara moja, ikanyamaza. Ya pili ikavuma peke yake dakika moja hivi, ikazidiwa, ikajizima. Katika miaka sita sijawahi kuusikia mtambo ule ukiwa kimya.

Nilifurahi. Naandika kama lilivyo. Nilifurahi, nikafunga kamba za kiatu cha pili.

Redio ikaita, Cherotich. "Faraji, usitoke nje. Nimesema usitoke. Ni saa za marufuku, tungoje tisa na nusu."

Faraji akanieleza upesi upesi, kana kwamba mimi sijui. Blowa ya pili ni nzima, ila hewa yake inarudi nyuma kupitia ile iliyokufa. Mtu akiifunga kwa mkono valvu, koki ya hewa, ya ile iliyokufa, ya pili itawaka. Na kompyuta ikiona matangi yamekosa hewa hufunga lango la majitaka yanayoingia. Watu wa zamu za usiku wamelala kambini saa hizi, na vyoo vitawarudishia kila kitu hadi vitandani.

"Achana nayo," nikamwambia. "Ife. Ni yake."

"Vyoo si vyake, kaka," akasema. Akachukua spana, akatoka.

Kutoka mlangoni hadi kwenye valvu ni hatua mia moja na kumi, zege tupu. Nilimwangalia dirishani. Valvu ilikuwa imeshikwa na kutu. Aliigonga, akaizungusha, akaigonga tena. Dakika tano, dakika kumi. Nilijiambia sasa hivi anarudi. Nilijiambia nikitoka na mimi, wavunja sheria tutakuwa wawili. Hizo ndizo sababu nilizokuwa nazo, na zote nilizitengeneza pale pale dirishani. Dakika ishirini. Blowa ya pili ikawaka. Faraji akainua mkono juu kama mtu aliyefunga bao, akapiga hatua nne tano, akaanza kutembea upande usio na mlango. Halafu akakaa chini kwenye zege. Halafu akalala.

Aliyemfikia kwanza ni Cherotich, na viatu vya ofisini, mbio. Nilipofika alikuwa amepiga magoti upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie Faraji usoni. "Mshike miguu," akaniambia. "Unangoja nini, shika miguu." Ngozi ya Faraji ilikuwa kavu na ya moto, haina hata tone la jasho. Alikuwa anaongea. Alimwita binti yake, akamwambia afunge mlango mbuzi wasiingie. Tulimwingiza ndani, tukammwagia maji ya kunywa katoni nzima, Cherotich anampepea kwa faili. Alikuwa analia lakini hakuacha kupepea. Gari la wagonjwa lilichukua dakika kumi na nane.

Vyoo vya kambi havikurudisha kitu. Maji yaliyotoka leo kwenye mtambo yalikuwa safi.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa kumi na mbili kasorobo nimekifuta kipimo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda hospitali. Joto limemchoma figo. Ana mirija miwili na midomo imempasuka. Aliponiona akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Niliifunga, kaka. Uliisikia ilipowaka?"

Nikasema niliisikia. Nilimletea machungwa, nikayaweka, nikaondoka kabla ya muda. Nesi wa Kikenya anayemhudumia, Chebet, aliniuliza kama mimi ni ndugu yake. Nilimwambia tunafanya kazi pamoja.

Alhamisi, 14 Agosti

Cherotich kaniita ofisini. Mara yangu ya kwanza kuzipanda ngazi zile tangu Juni, nami ndiye niliyekuwa nahesabu mara anazozishuka yeye.

Alifunga mlango, akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. Mstari mmoja mrefu, na juu yake vijimwiba vidogo vimepangana, kila baada ya nafasi ile ile.

"Hii ni Juni," akasema. "Kila siku, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kipimo inatoka kwa maji, inasoma hewa ya nje dakika moja, inarudi. Mimi nilidhani ni kelele. Nikaambia kompyuta isizihesabu." Akasogeza picha. "Hii ni tarehe ishirini na moja Julai. Zimeisha. Zinaonekana Jumapili pekee. Hii ni tarehe saba Agosti, asubuhi baada ya Faraji kuanguka. Zimerudi."

Niliweka kidole kwenye kijimwiba cha mwisho.

"Ni wewe ulikuwa unaisafisha."

"Ni mimi."

"Nilikuuliza mara tatu, Mzee."

"Uliniuliza."

"Makosa yangu naijua. Ningeshuka asubuhi moja tu, ningekupata na kitambaa. Hiyo nitaibeba. Lakini wewe ulijua. Ulinitazama kwa macho ukaniambia ni joto."

Nilimwambia, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, "Ulisema hakihitaji mtu."

"Basi si ungenitusi. Ungenitusi pale pale mbele ya Mudiri, ningejua." Alivua miwani, akayasugua macho. "Ataita kikao. Mimi sitakusemea. Sitakutetea na sitakushtaki. Nitakaa hapo nikuangalie."

Nilishuka. Kiangazi kizima nimekuwa nikimwita binti, na kwa leo sijui nimwite nani.

Jumatano, 20 Agosti

Faraji katoka hospitali. Anatembea kwa kushika ukuta. Daktari ameandika kwamba asifanye kazi kwenye joto tena.

Jumatatu, 25 Agosti

Sahani yetu ni moja, tunakula. Ananisimulia habari za mbuzi wa nyumbani. Sijamwambia.

Jumapili, 31 Agosti

Kikao. Mudiri kichwani pa meza, afisa wa usalama, Cherotich, mimi. Faraji alikaa nje koridoni, hakuitwa ndani. Karatasi ya Mudiri ilikuwa na mambo mawili. Kwanza, Faraji alitoka nje saa za marufuku bila kuamriwa, na redio ina ushahidi kwamba alikatazwa. Pili, daktari amesema hafai kwa kazi ya joto, na kampuni haina kazi ya kivulini ya kumpa. Kwa hiyo tiketi ni ya Faraji. Blowa mpya imefungwa, kipimo kimekaa sawa, umeme umeshuka tena. Majaribio yamefaulu. Atabaki mwendeshaji mmoja, na huyo ni mimi.

Akauliza kama kuna mwenye neno. Cherotich alikuwa ananiangalia. Hakupepesa.

Nikasimama. Niliwaambia kwamba kila siku, kwa miaka sita, nilikuwa nakifuta kipimo, na kwamba tarehe ishirini na moja Julai niliacha makusudi ili kompyuta ishindwe. Nikasema blowa iliungua kwa sababu hiyo, na Faraji aliungua kwa sababu ya blowa. Nikasema kama kuna tiketi, ni yangu.

Mudiri alinisikiliza hadi mwisho. Akaifungua ratiba, akaweka kidole. Ratiba inasema kisafishwe mara ngapi? Mara moja kwa wiki. Je, tarehe ishirini na saba Julai kilisafishwa? Kilisafishwa. Tarehe tatu Agosti? Kilisafishwa, sahihi tatu hizi hapa. Basi kosa liko wapi?

Nikamwambia kosa liko kwangu.

Akamgeukia afisa wa usalama. Huyo akasema, kwa upole kabisa, kwamba kosa analiona, ni lile la kugusa chombo bila kibali kwa miaka sita. Mudiri akakubali. Wakaniandikia onyo kwa kusafisha. Kwa kuacha hawakupata pa kuandika. Cherotich alitoa picha zake za mistari, akaziweka mezani, akaeleza kwa Kiingereza kirefu, uso umewiva kwa hasira, kwamba mtambo ule ulikuwa umebebwa na mkono wa mtu na kwamba Faraji ameumia akiokoa kazi ya wote. Mudiri akasema ni mchango mzuri, auandike katika ripoti. Akafunga faili.

Nilipotoka, Faraji alinyanyuka kwenye benchi. "Wamesemaje?"

Nikamwambia tarehe kumi na mbili Septemba. Akaitikia kwa kichwa, akakaa tena, kwa sababu kusimama bado kunamchosha.

Jumatatu, 1 Septemba

Ukutani kuna ratiba mpya. Kipimo kisafishwe kila siku. Mwandishi ni Cherotich, na kibali amekifuta. Tulikutana ngazini. Hakunisalimu, nami sikustahili.

Ijumaa, 12 Septemba

Ndege ni ya saa moja jioni. Faraji alikuwa anapanga begi kitandani, nguo za watoto chini, zake juu. Nilikuwa nimejipa siku kumi na mbili za kumwambia, na nimezitumia zote isipokuwa saa moja hii.

Nikafunga mlango, nikamwambia. Kitambaa, ratiba, kunafa, mara tatu nilizoulizwa, dirishani nilikosimama. Sikuacha kitu. Hakuacha kukunja nguo.

"Na kikaoni ulisema?"

"Nilisema."

"Mudiri akafanyaje?"

"Akanipa onyo. Kwa kusafisha."

Akacheka, kicheko chake kile kile, kikakatika katikati. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda na gauni la mtoto mapajani.

"Siku zote hizo tunakula sahani moja," akasema.

"Nilitaka tubaki wote wawili."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utacheka mbele ya Cherotich, naye ajue."

Alilifikiria hilo kwa uaminifu, kama anavyofikiria kila kitu. "Ningecheka," akasema. "Naye angejua, na siku ile nisingetoka."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Cherotich, ametoka Mesaimeer, na gauni la kanisani, teksi inamsubiri chini. Amekuja kumsindikiza uwanja wa ndege. Niliinama nichukue begi. Faraji akalivuta upande wa pili, bila nguvu, kwa sababu hana, lakini akalivuta.

"Hapana," akasema. "Dada atanisaidia."

Wakashika kila mmoja mpini wake, wakatoka. Nilikwenda dirishani. Waliliingiza begi, Cherotich akamfungulia mlango wa nyuma, akamshikilia kiwiko hadi akakaa. Teksi ilingoja kidogo, gari la taka lipite. Faraji hakutazama juu.